Buku, book na mti wa Ulaya: undugu wao unathibitishwaje?

Swali. Mwalimu mmoja wa Kiswahili wa sekondari anaandika: "Niliwaeleza wanafunzi kuwa neno buku limetokana na book la Kiingereza. Mmoja akasema amesoma kwamba book lenyewe asili yake ni jina la mti, kwa sababu makabila ya kale ya Ulaya yaliandika juu ya mbao za mti huo. Je, ni kweli? Kama ni kweli, mbona Kiingereza kinauita mti huo beech na si book? Naomba maelezo ninayoweza kuyatumia darasani."

Jibu. Mwalimu, mwanafunzi wako amesema mambo mawili kwa pumzi moja, na hayana uzito sawa. La kwanza ni kwamba jina la mti na jina la kitabu ni ndugu. Hilo lina ushahidi mzuri, ingawa lina pingamizi moja ambalo nitalieleza. La pili ni hadithi ya mbao. Hiyo inapendeza masikioni, lakini ushahidi wake ni mwepesi, na mimi nisingeifundisha kama jambo lililothibitika. Nitakwenda polepole kwenye la kwanza, maana ndipo somo lilipo.

Mti wenyewe kwa jina la kitaalamu ni Fagus sylvatica. Ni mti mkubwa wa misitu ya Ulaya ya kati na ya magharibi. Gome lake ni la kijivu, nalo hubaki laini hata mti ukizeeka. Mbegu zake zina pembe tatu na kwa kawaida hukaa mbilimbili ndani ya ganda lenye vimiiba laini. Wakulima wa zamani walikuwa wakiswaga nguruwe msituni msimu wa majani kupukutika ili wanenepe kwa mbegu hizo. Kwetu mti huu haumo, ndiyo maana Kiswahili hakina jina lake. Humu nitauita fagus, kwa Kilatini, na jina hilo litatufaa muda si mrefu.

Sasa weka maumbo ya kale mezani. Kosa kubwa la wanaoanza kazi hii ni kulinganisha maneno ya leo. Neno la leo limeshasagwa na karne kumi na tano za midomo ya watu, kwa hiyo tafuta umbo kongwe kuliko yote lililoandikwa. Kilatini: fāgus. Kiingereza cha kale: bōc. Kijerumani cha kale cha Juu: buohha. Kinordiki cha kale: bók. Kistari au alama iliyo juu ya irabu huonyesha kuwa irabu inavutwa. Kutokana na haya matatu ya mwisho wanaisimu wameunda upya umbo la lugha mama yao, Kigermaniki-mame: "*bōkō". Nyota hiyo si pambo. Ina maana kwamba umbo hilo halikuandikwa popote, limekokotolewa.

Ukitazama fāgus na bōkō kwa macho tu, utasema hayafanani hata kidogo. Moja linaanza na f, jingine na b. Moja lina a, jingine o. Moja lina g, jingine k. Hapo ndipo penye uhondo. Tofauti hizo tatu ndizo ushahidi wenyewe, kwa kuwa kila moja inajirudia katika maneno mengine kwa utaratibu uleule.

Anza na f ya Kilatini dhidi ya b ya Kigermaniki. "Kubeba" kwa Kilatini ni fero, kwa Kiingereza bear. "Ndugu wa kiume" ni frāter, na Kiingereza ni brother. Kigiriki katika nafasi hiyo huweka ph: pherō, phrātēr. Nenda kwenye irabu. Ā ndefu ya Kilatini hukutana na ō ndefu ya Kigermaniki: "mama" ni māter, Kiingereza cha kale ni mōdor; frāter hiyohiyo kwa Kigothi, lugha ya Kigermaniki iliyokwisha kufa, ni brothar. Mwisho ni g dhidi ya k. "Mimi" ni ego kwa Kilatini, ik kwa Kigothi. "Goti" ni genu, na Kiingereza huandika knee, na k yake ilitamkwa zamani. "Shamba" ni ager, Kiingereza ni acre. Na acre ndiyo hiyo tunayoitumia kila siku tukisema ekari, kwa hiyo ekari ya shamba lako kule kijijini ina undugu na ager ya Warumi.

Ukiunganisha sauti hizo tatu, fāg- lazima itoe bōk-. Haikubahatisha. Aliyeupanga utaratibu wa konsonanti hizi kwa ukamilifu ni Jacob Grimm, katika toleo la 1822 la sarufi yake ya lugha za Kigermaniki, akijenga juu ya kazi ya Mdenmaki Rasmus Rask iliyochapishwa 1818. Ndiye Grimm yuleyule wa ngano. Kigiriki nacho kina ndugu wa neno hili, phēgós, na sauti zake ziko mahali pake, ila maana imehama: kwa Wagiriki ni aina ya mwaloni. Shika jambo hilo, nitalirudia.

Kuna hata shahidi mwenye tarehe. Julius Caesar, jemadari wa Kirumi, akieleza vita vyake vya mwaka 53 K.K., anataja msitu mkubwa ng'ambo ya mto Rhine uitwao Bacenis. Karne nyingi baadaye, eneo la Fulda katika Ujerumani ya kati, ambako monasteri maarufu ilianzishwa mwaka 744, linaandikwa Buchonia, yaani nchi ya miti ya fagus. Wanaisimu wengi wanaliona jina la Bacenis kuwa na mzizi huohuo, likiwa limenaswa kabla ā haijageuka ō, wakati b na k zilikwisha kukaa sawa. Jina la mahali mara nyingi hutunza umbo la neno ambalo wasemaji walikwisha kulibadilisha. (Caesar huyohuyo aliandika kwamba Uingereza kuna miti yote kama Gaul, yaani Ufaransa ya leo na jirani zake, isipokuwa fagus na msonobari wa aina fulani. Chavua iliyofukuliwa ardhini inaonyesha fagus ilikuwapo kusini mwa Uingereza kabla yake. Mashahidi wazuri nao huteleza.)

Umeuliza kwa nini Kiingereza kinasema beech. Jibu lake utalifundisha kwa urahisi kuliko mwalimu wa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili kina jambo hilohilo. Tazama pika na mpishi, cheka na mcheshi. Kiambishi -i cha mwisho kimeishika k iliyo mbele yake na kuigeuza sh, kwa sababu ulimi huinuka mapema kuelekea kaakaa ukijiandaa kuitamka i. Kigermaniki kilikuwa na umbo la pili la jina la mti, lenye i na j baada ya k: "*bōkijǭ". Katika Kiingereza cha kale, sauti hizo za mbele zilifanya mambo mawili. Zilivuta ō hadi ikawa ē, na zikalainisha k hadi ikawa ch. Likapatikana bēce, na kutoka hapo beech ya leo. Umbo la kwanza, bōc, lisilokuwa na i, lilibaki na o yake na k yake. Kama jina la mti likafa, kama jina la kitabu likaishi. Irabu yake baadaye ilipanda kutoka o hadi u ndefu, kisha ikafupishwa mbele ya k. Tahajia ya oo imeganda pale ilipokuwa, ndiyo maana watoto wetu wanataabika nayo.

Mvuto huohuo wa irabu ndio unaoleta foot na feet, goose na geese. Na wingi wa bōc ulikuwa bēc. Lau Kiingereza kisingeangukia mtindo wa kutia s kila mahali, leo mtu angenunua one book, two beech. Waambie wanafunzi hilo, hawatalisahau.

Kijerumani kilichukua njia yake. K iliyofuata irabu iligeuka ch ya kooni: make ya Kiingereza ni machen, break ni brechen, na book ni Buch. Ō ikapita uo na kutua kwenye u: brother ni Bruder. Kwa hiyo kitabu ni das Buch na mti ni die Buche. Kiholanzi kina het boek na de beuk. Kideni kina bog kwa kitabu na bøg kwa mti. Kiswidi ndicho kinachonivutia zaidi: kitabu ni bok, mti ni bok, hakuna tofauti kabisa. Lakini subiri wingi. Vitabu ni böcker, miti ni bokar.

Hapo kwenye wingi ndipo pingamizi lilipojificha, nami naliheshimu. Wingi wa böcker, au bēc ya Kiingereza cha kale, au bœkr ya Kinordiki, unaonyesha kwamba jina la kitabu lilikuwa katika ngeli moja ya nomino, ile ambayo mashina yake yaliishia na konsonanti na ambayo wingi wake ulikuwa na i iliyovuta irabu. Jina la mti, "*bōkō", lilikuwa katika ngeli nyingine, isiyo na mvuto huo. Ni kama mtu adai kuwa nomino mbili ni moja ilhali moja iko LI-YA na nyingine KI-VI. Inawezekana, lakini adaiye hivyo ana deni la kueleza jinsi neno lilivyohama. Kwa sababu hii wapo wanaisimu waliopendekeza jina la kitabu litolewe kwenye mzizi mwingine kabisa, ule wenye maana ya kugawa mafungu au kupiga kura.

Kigothi ndicho kinachonifanya nibaki upande wa mti. Katika karne ya 4 Askofu Wulfila aliitafsiri Biblia kwa Kigothi, na maandishi hayo ndiyo marefu ya kwanza tuliyo nayo ya lugha ya Kigermaniki. Humo neno boka limo, na liko katika ngeli ileile ya jina la mti, si ile nyingine. Kwa umoja, boka si kitabu hata kidogo, bali ni herufi. Ule mstari wa Paulo kwa Wakorintho kwamba andiko huua bali roho huhuisha, kwa Kigothi unasomeka "boka usqimith, ith ahma gaqiujith". Kwa wingi, bokos, ndipo tunapata andiko, hati, kitabu. Hata hati ya talaka imetajwa kwa neno hilo. Kilatini kilifanya vivyo hivyo: littera ni herufi, litterae ni barua au maandishi. Kwa hiyo safari ya maana haikutoka "ubao wa mti" moja kwa moja hadi "kitabu". Ilipitia "herufi", na herufi nyingi ndizo zikawa kitabu. Hadithi ya mwanafunzi wako imeruka kituo hicho cha katikati.

Kiingereza cha kale kinaongeza maana nyingine: bōc ilikuwa pia hati ya kumilikisha ardhi. Ardhi iliyotolewa na mfalme kwa hati iliitwa bōcland, na vijiji vya Uingereza viitwavyo Buckland vimetokana nayo. Havikuitwa hivyo kwa ajili ya mti, wala kwa ajili ya paa dume, ambaye kwa Kiingereza ni buck na hana undugu wowote na haya tunayoyazungumza.

Sasa mbao. Wanaoisimulia hadithi hii hutegemea mambo mawili. La kwanza ni neno la Kijerumani Buchstabe, "herufi", ambalo ukilikata linaonekana kama "kijiti cha fagus". Lakini Kinordiki na Kiingereza cha kale vilikuwa na jozi: rúnastafr au rūnstæf kwa herufi ya runi, yaani alfabeti ya kale ya Wagermaniki, iliyochongwa, na bókstafr au bōcstæf kwa herufi ya Kilatini iliyoandikwa kwa wino. Jozi hiyo inaelekeza zaidi kwenye "herufi ya kitabuni" dhidi ya "herufi ya runi" kuliko kwenye kijiti cha mti fulani. La pili ni Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, aliyeandika mwaka 98 kwamba Wagermaniki walikata tawi la mti uzaao matunda, wakalipasua vipande, wakavitia alama, wakavimwaga juu ya kitambaa cheupe, kisha kuhani au mkuu wa kaya akaokota vitatu na kuvifasiri. Mti uzaao matunda. Hakutaja ni upi. Na mshairi Venantius Fortunatus, katika karne ya 6, anapotaja runi za washenzi zilizochorwa juu ya vibao, anautaja mti wazi, nao ni mwingine kabisa: fraxinus, ambao Waingereza huuita ash.

Hiyo haina maana kwamba mmea hauwezi kuzaa jina la kitabu. Unaweza, tena mara nyingi. Liber ya Kilatini, "kitabu", kwanza ni gamba la ndani la mti. Codex ilikuwa gogo. Biblia tunayoitaja kwa Kiswahili inarudi kwenye biblos ya Wagiriki, jina la mafunjo ya Misri. Kwa kuzingatia mifano hiyo na boka ya Kigothi, hukumu yangu ni hii: mti na herufi yaelekea ni neno moja, ila njia ya kutoka mmoja hadi nyingine haiwezi kuonyeshwa kwa kibao chochote kilichofukuliwa. Darasani sema "yaelekea", na uwaambie kwa nini.

Watoto wa neno hili walioondoka nyumbani ni wengi, na walioenda mbali mapema ni wale wa Waslavi. Kirusi kinauita mti buk, na herufi kinaiita bukva. Kitabu cha kujifunzia kusoma ni bukvar. Herufi ya pili ya alfabeti ya Kisirili cha kale iliitwa buky, na ya kwanza az. Ukiyaunganisha unapata azbuka, "alfabeti". Je, Waslavi walilirithi neno kutoka kwa babu wa pamoja au walilikopa? Pima kwa sauti. Ile g ya asili katika neno hili hugeuka z katika Kislavi. "Nafaka" ni granum kwa Kilatini, corn kwa Kiingereza, zerno kwa Kirusi. Lau neno la mti lingekuwa la kurithi, lingekuwa na z, kitu kama baz-. Lina k, na lina u mahali pa ō. Basi limeingia kutoka kinywa cha Kigermaniki, baada ya k kuwa k. Na limeingia na maana zote mbili, mti na herufi.

Kutoka kwa Waslavi likasonga mbele. Wahungaria wanauita mti bükk, na milima yao ya Bükk imepata jina humo. Eneo la Bukovina, ambalo leo limegawanywa kati ya Ukraine na Romania, ni "nchi ya fagus" kwa Kislavi. Milki ya Austria ilipolichukua mwaka 1775, Wajerumani waliweza kuliita Buchenland, yaani wakalitafsiri kwa mzizi uleule ambao wazee wao waliwakopesha Waslavi.

Upande wa magharibi, Kiholanzi cha kati kilikuwa na boeckijn, "kijitabu". Wafaransa wakalichukua likawa bouquin, kitabu cha zamani au kilichotumika, na wauzaji wa vitabu kando ya mto Seine mjini Paris ndio bouquinistes. Usilichanganye na bouquet, shada la maua, ambalo lina asili nyingine. Waholanzi pia waliiita nafaka fulani boecweite, "ngano ya fagus", kwa sababu punje yake ina pembe tatu kama mbegu ya mti ule. Kijerumani kinasema Buchweizen, na Kiingereza buckwheat. Nafaka hiyo si ngano wala si jamii ya nyasi. Wataalamu wa mimea wameiita Fagopyrum, fagus ya Kilatini na pyros, ngano kwa Kigiriki, kwa hiyo ndugu wawili waliotengana miaka elfu kadhaa wamekutana kwenye mfuko mmoja wa unga.

Nilikuahidi kurudi kwenye mwaloni wa Wagiriki. Katika karne ya 19 na ya 20 baadhi ya wataalamu walitumia mti huu kutafuta kwao asili kwa wasemaji wa Kihindi-Kiulaya, lugha mama iliyozaa Kilatini, Kigiriki, Kigermaniki na Kislavi. Walisema: fagus haustawi mashariki ya mstari unaotoka Königsberg, Kaliningrad ya leo, hadi Odessa, lugha mama ilikuwa na jina la fagus, basi wazee hao waliishi magharibi ya mstari. Hoja imenyooka, ila inadai kwamba jina la mti halihami. Jina la mti linahama sana. Walowezi wa Kiingereza nchini Kenya waliuita Vitex keniensis "Meru oak", na si mwaloni. Wakauita mti wa jamii ya mzeituni "Elgon teak", na si msaji. Mtu akifika nchi ngeni hubandika jina alilokuja nalo juu ya mti unaofanana kwa mbao, kwa tunda au kwa kivuli. Phēgós ya Wagiriki ilihama hivyohivyo, pengine kwa sababu miti yote miwili ilitoa mbegu za kuliwa. Kwa hiyo sauti za neno la mmea ni ushahidi madhubuti, maana yake ni ushahidi wa kutumia kwa tahadhari.

Sasa tufike nyumbani. Buku ya Kiswahili imetoka Kiingereza au Kijerumani? Swali ni halali, kwani Wajerumani walitawala Tanganyika na walituachia shule kutoka Schule na hela kutoka Heller, sarafu yao ya Afrika Mashariki. Lakini ch ya Buch hutamkwa kama kh ya Kiarabu, na sauti hiyo Kiswahili kina desturi ya kuigeuza h: khabar ikawa habari, khayr ikawa heri. Buch ingetua kwetu kama "buhu". K ya buku inaelekeza kwenye Kiingereza.

Irabu ya mwisho nayo ina utaratibu. Kiswahili hakitaki neno liishie na konsonanti, kwa hiyo hutia irabu. Baada ya sauti za midomo mara nyingi hutia u: timu, filamu, klabu. Kwingine hutia i: benki, cheki, koti. Buku linaishia na k, na ungetarajia "buki", lakini u iliyo ndani imevuta mwenzake. Neno limepokewa katika ngeli ya LI-YA, buku na mabuku, na kwa kuwa ngeli hiyo ndiyo pia ya ukubwa, limepewa kazi ya kitabu kinene, kikubwa. Kitabu, cha Kiarabu, kilikwisha kukaa KI-VI, silabi yake ya kwanza ikichukuliwa kama kiambishi na kuzaa vitabu. Hivyo wageni wawili wakagawana kazi.

Ndugu wengine wa buku wako jirani. Kishona kina bhuku, Kichewa kina buku. Kimalei na Kiindonesia pia kina buku, "kitabu", walichokipata kwa Wazungu wao wenyewe, si kwetu. Ila Kimalei kina buku nyingine ya asili, yenye maana ya kifundo, kama kile cha mwanzi au cha kidole, na hiyo haina uhusiano wowote na fagus. Hapo ndipo pa kuwazuia wanafunzi. Watakuletea Bukoba na Bukavu. Waonyeshe kwamba Bu- ni kiambishi cha Kibantu cha majina ya mahali. Watakuletea kitenzi bukua; wakumbushe kwamba bukua ya zamani ni kufichua jambo, kwa hiyo mwanafunzi "anayebukua" usiku kucha hawezi kuingizwa kwenye ukoo wa book kwa kufanana tu. Buku ya mtaani yenye maana ya shilingi 1,000 nayo iache nje ya mchoro wa ukoo. Herufi nne kufanana si nasaba.

Kwa kipindi cha dakika 40, ningefanya hivi. Chora safu tatu ubaoni: Kilatini, Kiingereza, na sauti inayobadilika. Jaza fāgus na beech (kumbuka ch yake ilikuwa k), frāter na brother, ager na acre. Wape dakika kumi wagundue wenyewe f kwa b na g kwa k. Usiwatajie jina la Grimm mpaka wamekwisha kuona. Kisha ongeza pater na father, pēs (shina lake ped-) na foot, wapate p kwa f na d kwa t. Usitie maneno ambayo Kiingereza kiliyakopa Kilatini baadaye, kama fraternal au paternal. Hayo yataonyesha f kwa f na p kwa p, na darasa litavurugika. Hili ndilo linaloharibu zoezi mara nyingi.

Wakishaelewa, tega mtego wa mwisho. Andika habēre ya Kilatini, "kuwa na", na have ya Kiingereza, yenye maana ileile, halafu uulize kama ni ndugu. Karibu wote watasema ndiyo. Waambie wapime h. Hostis, "mgeni, adui", inakwenda na guest. Hortus, "bustani", inakwenda na garden. H ya Kilatini inadai g ya Kigermaniki, kwa hiyo have haiwezi kuwa ndugu wa habēre. Kisha waulize h ya Kiingereza inadai nini upande wa Kilatini. Wape cornū na horn, centum na hundred, na waache wafike wenyewe kwenye capere, "kushika", ambayo ndiyo ndugu halisi wa have.